Jaketi la kuokoa maisha linakukaba botini? Kosa huenda liko kiunoni

Ijumaa jioni ndiyo siku yangu ya majaketi. Siku nyingine kibanda changu hapa Gikomba hushona mabegi, mahema na maturubai, lakini Ijumaa ikifika saa kumi huanza kuja wale wanaokwenda Naivasha kuvua Jumamosi alfajiri, kila mmoja na jaketi lake mkononi na lawama yake mdomoni. "Fundi, linanikaba." "Fundi, linaniwasha." "Fundi, nipunguzie hapa."

Majuzi alikuja mzee mmoja, mtu wa ofisi, na jaketi la rangi ya machungwa. Alikuwa ameshalichora kwa kalamu: mstari mmoja kila upande chini ya kola, pale alipotaka nikate sponji. Shingo yake ilikuwa imechubuka kama ya mtu aliyeshinda akibeba magunia. Nikamwambia, "Mzee, livae kwanza." Akalivaa akiwa amesimama, likamkaa vizuri kabisa. "Sasa keti hapo kwenye stuli." Kuketi tu, kola ikapanda ikagusa masikio. Nikaangalia kiunoni: mkanda umefungwa, ndiyo, lakini unaning'inia kiasi cha kupitisha ngumi mbili. Nikauvuta ukakaza. Akanyanyuka, akaketi tena, akarusha mikono kama mtu anayetupa ndoana. Kola ikabaki mahali pake. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na hii mistari niliyochora itatoka?"

Karibu kila lawama ninayoletewa iko hivyo. Panapouma ni shingoni, kosa liko kiunoni. Panapochoka ni mabegani, kosa liko kwenye kiti cha boti. Mtu akikata pale panapouma anabaki na jaketi linalouma vilevile, na juu ya hayo haliwezi kumwelesha tena. Ndiyo sababu sikati sponji ya mtu hata akinilipa mara mbili. Akinuna, anune.

Na tusidanganyane, jaketi linalouma huvuliwa. Huwekwa chini ya kiti "nitalivaa upepo ukianza". Naivasha asubuhi ziwa huwa shwari kama sinia, na baada ya adhuhuri upepo huamka ghafla. Kiboko naye hapigi hodi. Boti ikipinduka hakuna atakayepata nafasi ya kutafuta zipu.

Kabla ya kulilaumu jaketi

Vaa nguo utakazovaa ziwani, si shati la kazini. Legeza mikanda yote kabisa, funga zipu, kisha anza kukaza mkanda wa chini kabisa, ule wa juu ya nyonga, halafu panda kidogo kidogo. Mikanda ya mabegani iwe ya mwisho. Wengi hufanya kinyume: hukaza mabega kwanza kwa sababu ndiyo wanayoyaona kwenye kioo, na kiuno wanakiacha kipumue.

Ukishafunga, keti kwenye stuli ama kreti ya soda, kitu chochote kisicho na mgongo, kwa sababu ndivyo utakavyokaa botini saa sita nzima. Mwambie mtu asimame nyuma yako, ashike jaketi mabegani na alinyanyue. Likisogea kidogo likakwama, hilo ni lako. Likifika masikioni ama kidevu kikazama ndani ya kola, ama hujalifunga sawasawa ama si saizi yako. Kaza tena ujaribu mara ya pili. Likipanda tena, lirudishe dukani kabla risiti haijapotea.

Linapanda hadi kidevuni

Hili ndilo tatizo mama, kwa hivyo nitakaa hapa kidogo.

Sponji ya jaketi inataka kwenda juu, hiyo ndiyo kazi yake. Ukitaka kujua inataka kiasi gani, chukua mtungi mtupu wa lita 10, ufunge kifuniko, kisha ujaribu kuuzamisha kwenye pipa la maji. Utaona unavyokusukuma. Nguvu hiyo ni kama kilo 10, na ndiyo jaketi lililoandikwa newtoni 100 linayokupa. Sasa fikiria mtungi huo umefungwa kifuani mwako kwa mkanda uliolegea. Ukiingia majini mtungi unapanda, wewe unabaki chini. Kwa hivyo jaketi linalokusumbua kidevu ukiwa umeketi pakavu, majini litakufunika mdomo.

Sababu ya kwanza ni mkanda wa chini, nimeshasema. Ya pili ni urefu wa kiwiliwili. Kuna watu warefu wa miguu na wafupi wa mgongo. Wakisimama jaketi linaonekana sawa, wakiketi ukingo wake wa chini unagonga mapaja na kulisukuma lote juu. Mtu wa namna hiyo kukaza mikanda hakumsaidii sana, anahitaji jaketi fupi linaloishia juu kidogo ya mbavu za mwisho. Wapo wanaotengeneza ya hivyo kwa ajili ya wapiga kasia, na mvuvi anayeketi muda mrefu yanamfaa pia.

Sababu ya tatu huwa naitaja kwa adabu: kitambi. Mkanda wa kiunoni hukazwa pale palipo panene, kisha mtu akiinama kuchukua chambo unateleza juu ya mlima na kwenda kukaa chini ya matiti. Hapo hakuna tena kinachozuia jaketi. Kukaza zaidi kunamfanya mtu ashindwe kupumua na mkanda bado unateleza. Dawa ni mkanda wa kupita katikati ya miguu, unaotoka nyuma ukafungwa mbele. Majaketi mengi mazuri huja nao, na wanaume wengi huukata siku ya kwanza kwa sababu wanauonea haya. Mimi nimeshaushona upya kwa watu wanne waliokuja wenyewe kuuomba. Usiubane; acha nafasi ya vidole viwili ili uweze kuketi bila kuuhisi. Kazi yake inaanza ukiwa majini.

Sababu ya mwisho ni saizi yenyewe. Lebo ya ndani itakupa kilo za mwili, ama mzunguko wa kifua, ama vyote viwili. Zisome zote. Mtu wa kilo 85 mwenye kifua chembamba na mtu wa kilo 85 aliyejaa kifua hawavai jaketi moja, hata kama kilo zinakubali.

Mabega na mgongo vinachoka

Hapa usianze na jaketi. Anza na boti. Boti unayokodi ina ubao mtupu wa kuketia, ama ina viti vyenye egemeo?

Kwenye kiti chenye egemeo, sponji nene ya mgongoni inakusukuma mbele. Unashinda umeinama kama mtu anayesoma gazeti la chini, na jioni unasema jaketi ni zito. Si zito. Tafuta lile lenye sponji juu ya mgongo tu, karibu na mabega, na wavu sehemu ya chini, ili egemeo la kiti likutane na mgongo wako. Kwenye ubao mtupu sponji ya mgongoni haisumbui, hata husaidia asubuhi kwenye baridi, lakini uzito ukiwa wote mbele kifuani utakuvuta mabega. Angalia kama mifuko ya mbele umeijaza: sanduku la ndoana, risasi za kuzamishia mshipi, simu, funguo, chupa ya maji. Juzi kijana aliniletea jaketi "linalomvunja bega la kulia". Mfuko wa kulia ulikuwa na risasi za karibu kilo moja. Nilimtolea bila kumtoza kitu.

Mikono haina uhuru wa kurusha

Unarusha ndoana na jaketi linakugusa kwapani kila mara, mpaka ngozi inaanza kuwaka. Ama unavuta samaki na kitako cha fimbo kinanasa kwenye ukingo wa jaketi kifuani. Ama unapiga kasia na viwiko vinakwaruza pembeni.

Matundu ya mikono ndiyo ya kuangalia. Jaketi la mvuvi linapaswa kuwa limekatwa sana kwapani, sponji ianzie mbele ya bega na si juu yake, na mikanda ya mabegani iwe myembamba. Yale ya abiria wa boti, ya bei nafuu, yenye vipande viwili vya sponji kama mabango ya kampeni, yametengenezwa kwa mtu anayeketi akitazama ndege na viboko. Huyo harushi kitu.

Ukienda kununua, beba mwavuli. Nazungumza kwa uzito. Vaa jaketi, shika mwavuli kama fimbo, rusha mbele mara kumi, rusha pembeni, kisha ukunje mkono kama unayezungusha mshipi. Wauzaji watacheka. Wacha wacheke, utakayekaa juani na kwapa linalowaka ni wewe. Na ukimaliza kurusha, mtu anyanyue mabega tena, kwa sababu kuna majaketi yanayotulia hadi mikono ianze kazi, halafu yanaanza kupanda.

Kama jaketi ni zuri kwa mengine yote na linakwaruza tu, huenda kosa ni shati. Fulana isiyo na mikono chini ya jaketi ni kujitafutia vidonda. Vaa shati jepesi la pamba lenye mikono mirefu. Litakukinga na jua pia.

Kifua kinabanwa

Akina mama huniletea hili, na hapo tena mkono wa mtu huenda pasipo na kosa: mwanamke anabanwa kifuani, analegeza kiuno ili apumue, na jaketi linapanda. Alichokosa ni umbo. Jaketi lenye kipande kimoja bapa mbele litambana yeyote mwenye kifua. Tafuta lenye sponji iliyogawanywa vipande vidogo vidogo mbele, vinavyokunjika kufuata mwili, na mikanda ya pembeni angalau miwili kila upande ili ukaze kiuno bila kugusa kifua. Yapo yaliyoshonwa kwa umbo la wanawake. Kama duka halina, jaribu la wapiga kasia kabla ya kupanda saizi. Saizi kubwa inalegeza kifua na mabega pia, ukarudi kulekule kwa kola na masikio.

Joto

Naivasha iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, kwa hivyo saa kumi na mbili asubuhi utashukuru una sponji kifuani. Saa tano jua likishachanganya, sponji hiyohiyo inakuwa blanketi. Ukienda Kisumu ama Homa Bay joto linaanza mapema zaidi.

Jaketi lenye wavu mabegani na mgongoni husaidia. Rangi iliyokolea huchemka, na nyeusi sikushauri hata kama inapendeza, kwa sababu mtu anayekutafuta majini anatafuta machungwa ama manjano. Kulowesha shati kabla ya kuvaa jaketi hukupa nusu saa ya baridi. Zaidi ya hapo dawa ni moja, jaketi la gesi.

Hili ni lile jembamba kama mkanda wa begi shingoni, ndani yake kuna mfuko uliokunjwa na kitungi kidogo cha gesi ya kaboni dioksaidi. La kuvuta kwa kamba linajaa ukivuta. La kujifungua lenyewe lina kidonge kinachoyeyuka kikilowa, au vali inayosukumwa na maji likizama kidogo. Usipolijaza ni jepesi, halina joto, na mikono iko huru kama hujavaa kitu. Kwa raha peke yake, linashinda yote niliyotaja.

Lakini linataka mtu mwenye utaratibu, na hapa ndipo ninapogombana na wateja. Jaketi la gesi lenye kitungi kilichotumika ni shali tu. Kila kabla ya safari fungua, hakikisha kitungi kimekazwa kwa mkono, hakina kutu, hakijatobolewa kwenye mdomo. Kipime kwenye mizani ya jikoni ya kidijitali na ulinganishe na uzito uliochapishwa juu yake. Kwa jaketi la newtoni 150 gesi ya ndani huwa kwa kawaida gramu 33. Mara mbili kwa mwaka lijaze kwa mdomo kupitia ule mrija, liache usiku kucha, na asubuhi uone kama limenywea. Kabla ya kulikunja toa hewa yote, maana ukilivuta likiwa limejaa hewa, gesi ikiongezeka mfuko unaweza kupasuka.

Mteja wangu mmoja alilikunja likiwa limelowa umande, akalifungia kwenye buti la gari msimu wa mvua za Aprili. Likajifungua lenyewe akiwa barabarani. Alidhani gurudumu limepasuka. Kidonge hakijui tofauti ya ziwa na unyevu, kwa hivyo likaushe kwanza.

Mambo mengine matatu. Liwe juu ya koti siku zote, kamwe si ndani yake, kwa sababu likijaa ndani ya koti lililofungwa litakubana mbavu badala ya kukuelesha. Kabla ya kununua uliza kitungi na kidonge cha akiba vinapatikana wapi hapa Nairobi, maana ukitegemea shangazi aje nacho kutoka ng'ambo, shirika la ndege linaweza kukikataa uwanjani. Na mtoto ama mtu asiyejua kuogelea mpe la sponji. Hilo halina cha kusahaulika.

Unaelea, lakini uso uko majini

Huyu haji kwangu Ijumaa. Huja Jumatatu, baada ya kuteleza karibu na ufuo na kugundua jaketi lake "zuri jepesi" linamwinua mgongo na kuacha uso ukinywa maji. Jaketi halikuharibika. Alinunua daraja lisilo lake.

Lebo zinazofuata kipimo cha kimataifa cha ISO 12402 zina madaraja manne: newtoni 50, 100, 150 na 275. Kwa hesabu yetu ya mitungi, 50 ni mtungi wa lita 5 wa mafuta ya kupikia, 150 ni lita 15. La 50 ni la kumsaidia mtu anayejua kuogelea, aliye na fahamu, karibu na nchi kavu au na wenzake. Halikutengenezwa kukugeuza uso juu ukizimia. Kuanzia 100 ndipo jaketi linapotarajiwa kukugeuza, kwenye maji tulivu. La 150 ni la maji yenye mawimbi na nguo nzito. La 275 ni la bahari kuu na watu waliobeba vifaa, na kwa kuvua tilapia ni kujitesa bure.

Mitumba kutoka Marekani mara nyingi huandikwa kwa pauni. Ukiona 15.5 hiyo ni karibu newtoni 69, yaani inapita 50 lakini haijafika 100.

Ushauri wangu: kama huogelei, ama mnatoka mbali na ufuo, ama mnavua wawili tu kwenye boti ndogo, usishuke chini ya 100 kwa sababu ya raha. Anza na daraja, kisha ndani ya daraja hilo utafute lenye raha. Watu hufanya kinyume, wakaishia na fulana yenye mifuko mingi.

Njia ya kujua kwa hakika ni bwawa la kuogelea. Lipa kiingilio siku ya wiki kukiwa hakuna watu, mweleze mlinzi wa bwawa unachofanya, vaa nguo zako za uvuvi zilizooshwa, ingia upande usio na kina na mwenzako karibu. Legeza mwili, rudisha kichwa nyuma. Mdomo uko juu ya maji bila wewe kupiga miguu? Kola iko wapi? Kisha lala kifudifudi kwa pumzi moja uone jaketi linafanya nini. Dakika kumi za hapo zinashinda maneno yote ya muuzaji.

Kuhusu gambuti, kuna hofu kwamba zikijaa maji zitakuzamisha. Maji yaliyo ndani ya gambuti hayana uzito ukiwa ndani ya maji, kwa hivyo hayakuvuti. Taabu ni kupiga miguu na kupanda tena botini, na hapo ni taabu kweli. Vaa zile zinazovulika kirahisi.

Limekuwa zito, ama gumu, ama linatoa maji

Mikononi mwa fundi hili ndilo la kuogopa. Sponji halisi ya jaketi ina vijumba vilivyofungwa, maji hayaingii. Ya godoro ina vijumba vilivyo wazi, inanywa maji kama kitambaa cha kupigia deki. Nimewahi kufungua jaketi lililoletwa "libadilishwe zipu tu" nikakuta ndani godoro lililozungushiwa karatasi ya nailoni, mshono mzuri, mistari ya kung'aa, kila kitu. Sitasema lilitoka wapi. Mwenye nalo alikuwa amelivaa miaka miwili.

Wazee wa pwani watakumbuka kwamba zamani majaketi haya yalijazwa sufi, ileile ya msufi inayojazwa kwenye mito ya kulalia, na yalielea vizuri hadi sufi iliposhindiliwa ama kuingia mafuta. Ya leo yanakufa kwa njia kama hiyo. Ukilikalia kila safari, sponji inasinyaa na haijirudishi. Jua likilichoma miaka, mikanda inapauka na kuwa kama karatasi, ikunje uone kama inatoa unga. Sponji ikivunjika kama biskuti ukiikunja, jaketi limekwisha, hata kama kitambaa kinang'aa. Hapo sishoni kitu.

Kupima nguvu iliyobaki, nenda kwa rafiki mwenye vyuma vya jim. Chuma cha kilo 10 kikiwa majini kinabaki kama kilo 8 na nusu. Lifunge jaketi la newtoni 100 kwenye chuma hicho kwa kamba, liweke ndani ya pipa refu la maji usiku mzima. Kama bado linaelea asubuhi, nguvu ipo. Kwa la 50 tumia chuma cha kilo 5. Likizama, usimpe hata jirani.

Ndoana na mshipi vinanasa

Ncha za mikanda zinazoning'inia zikunje uzibane kwa raba. Usizikate, kwa sababu mwezi wa Julai utavaa sweta na utahitaji urefu huo. Wavu ulio kifuani hula ndoana, chagua lenye kitambaa laini mbele. Firimbi ifungwe kwa uzi mfupi ndani ya mfuko. Ndoana ikinasa kwenye jaketi la gesi usiivute. Kata mshipi, ukaitoe ukifika nchi kavu, ukague mfuko wa ndani kwa kuujaza pumzi.

Mtoto analikataa

Mara tisa kwa kumi ni kubwa. Tumezoea kununua sweta ya shule ya saizi ya mwakani, "atalikulia", na jaketi tunalinunua hivyohivyo. Jaketi la mtoto hununuliwa kwa kilo zake za leo, liwe na mkanda wa katikati ya miguu na kishikio nyuma ya kola cha kumnyanyulia. Mvalishe nyumbani akiangalia katuni, alizoee sebuleni kabla ya kulizoea ziwani.

Linanuka

Maji baridi yasiyo na dawa ya kung'arisha, sabuni kidogo, kivuli chenye upepo. Usilianike juu ya jiko.

Vitu ninavyoshona, na nisivyoshona

Klipu iliyovunjika nabadilisha, mradi iwe ya upana uleule wa mkanda. Zipu nabadilisha. Mkanda wa miguu naongeza. Mshono uliofumuka narudia kwa uzi wa nailoni, si wa pamba, kwa sababu wa pamba huoza. Sponji sikati, siongezi, sibadilishi, na mfuko wa gesi siugusi kwa sindano.

Yule mzee wa mistari alirudi Jumatatu. Kola haikumsumbua tena, alisema, alilivaa kutoka walipoondoka hadi waliporudi. "Lakini sasa, fundi, kuna tatizo jipya." Nikangoja. Akajishika nyuma. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa analivaa nusu saa, likimkaba analivua na kulikalia, na sasa ubao wa boti umemvunja makalio. Nikainama chini ya meza, nikatoa kile kipande cha godoro nilichokuwa nimekitoa kwenye lile jaketi la uongo, nikampimia mto wa kukalia. Shilingi 300, na turubai juu.